Bwana Mkubwa Kafumba Mdomo

Mtoto alipoona kikombe kinakuja, alifumba mdomo. Hakulia kwanza wala hakupiga teke. Alifumba tu, midomo ikaingia ndani kama ya kizee asiye na meno, na macho akayakaza kwa bibi yake kama mtu anayemwambia: haya, tuone leo nani atachoka.

Bibi mwenyewe alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, ila hakuna aliyelihitaji. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa kazini kwake: meza ndefu iliyotandikwa blanketi lenye alama za kuungua, pasi mbili za mkaa, kamba kutoka ukuta huu hadi ule, na mashati yananing'inia juu yake kama wageni waliosahau kuja na vichwa. Kola iliyotiwa wanga na Mama Pasi ilisimama mpaka mwenyewe aivue. Alilijua hilo, na asiyelijua aliambiwa.

Mwanamke wa namna hiyo, aliyenyoosha suruali za mahakimu na makanzu ya maharusi, alikuwa ameshindwa na mtu wa miezi sita.

Siku njema alimwita mjukuu wake Mume Wangu, na siku mbaya alimwita Bwana Mkubwa. Baba yake alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana leo na kusikika kwa simu wiki zinazofuata. Mama yake alifanya kazi kiwanda cha biskuti upande wa pili wa mji, na likizo yake ya uzazi ilikuwa inaisha. Jumatatu alitakiwa kwenye mashine. Maziwa yake yangekwenda naye kiwandani, na mtoto angebaki na chakula cha kijiko. Na chakula cha kijiko ndicho Bwana Mkubwa alikuwa amekikataa katakata.

Walikuwa wamekwenda kliniki, mkwe na mama mkwe, mtoto mgongoni. Nesi wa pale, mwanamke mdogo mwenye sauti kavu, aliwaeleza: mtoto akae wima, uji uwe mzito usiomwagika ukiinua kijiko, usitiwe sukari wala chumvi, mtoto aachwe ashike, achezee, ajipake. Akigeuza uso, basi, asilazimishwe.

Mama Pasi aliitikia kwa kichwa kwa adabu mpaka walipotoka nje ya geti.

"Yule amezaa wangapi?" akauliza.

"Sijui, mama," mkwewe akajibu.

"Hajazaa hata paka. Mtoto achezee chakula! Sisi tulikula tukakua. Kuna aliyetuuliza kama tunapenda?"

Kwa hiyo nyumbani ilifuatwa sheria ya Mama Pasi. Uji mwepesi, wenye maziwa na sukari, upite kooni bila kubisha hodi. Mtoto alalishwe mapajani, kichwa kishikwe, kiganja kikunjwe chini ya kidevu kama bakuli, uji umiminwe kiganjani na kutoka kiganjani kwenda mdomoni. Ndivyo mama yake alivyomlisha yeye, ndivyo alivyowalisha wanawe, na wote walikuwa hai na wabishi. Bwana Mkubwa siku ya kwanza alikohoa. Siku ya pili alitema. Kisha akajifunza kufumba. Na baadaye likaja lililomuuma bibi kuliko kutemewa: mtoto akiona kiganja kile kinamkaribia, hata kama kinataka kumfuta kamasi tu, alijificha kwenye bega la mama yake.

Jambo hilo halikumpa Mama Pasi raha. Alikuwa anapiga pasi shati, anaiacha pasi, anakwenda kumchungulia mtoto. Anamchungulia mtoto, anakumbuka pasi, anarudi mbio. Anafungua mlango kuona nani anapita, hapiti mtu, anaufunga. Alikunja shuka lililokwisha kukunjwa. Alipuliza mkaa unaowaka.

Kilichomkimbiza hivyo kilikuwa na jina. Kiliitwa Bi Mashuka.

Bi Mashuka alikuwa bibi wa pili wa mtoto, mama wa mama yake. Alitembeza mashuka na mito nyumba kwa nyumba, sauti yake ikifika kabla yake, na nyumba yake ilitazamana na geti la kiwanda cha biskuti. Yeye pia alimwita mtoto mume wangu. Hivyo wazee hawa wawili walikuwa wake wenza, na utani wao kama utani wote wa wake wenza ulikuwa na mwiba ndani.

Jumatano alikuja na furushi lake kichwani, akasimama mlangoni.

"Hodi humu! Mke mwenzangu, mume wetu amekula?"

"Amekula na amelala. Punguza sauti."

"Amekula nini, na amekonda shingo kama ufagio?"

"Wewe ndiye uliyenenepa unaona wenzio wamekonda."

Bi Mashuka akacheka, akatua furushi, akamgeukia binti yake aliyekuwa anakunja nepi. "Mwanangu, mtoto si shati. Hanyooshwi. Mlete kwangu. Kengele ya mchana ikilia unavuka barabara, unamnyonyesha, unarudi. Huku atakufa njaa, mwenzangu ananyoosha kola."

Mkwe aliendelea kukunja nepi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyapima. Jioni, wakichambua mchele, ndipo aliposema.

"Mama, Ijumaa naitwa kiwandani kuonyeshwa mashine mpya. Nitakuachia kutwa nzima. Akila, Jumatatu anabaki hapa. Asipokula, nampeleka kwa mama."

"Atakula."

"Na asipokula?"

"Nimesema atakula."

Lakini moyoni Mama Pasi alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake. Mtoto akienda kule kutwa, jioni mama yake atachoka, atalala huko. Leo huko, kesho huko, mwisho kitanda chenyewe kitahamia huko, na yeye atabaki na mashati yasiyo na vichwa. Watamletea mtoto siku za mapumziko kama mgeni, amevaa soksi, na atamlilia.

Ijumaa ikafika. Mkwe aliondoka mapema, akageuka mara mbili njiani. Mama Pasi hakungoja hata vumbi litulie. Uji ulikuwa tayari, mwepesi, mtamu kama wa sherehe. Alimlaza mtoto mapajani, akakunja kiganja.

"Fumbua, mume wangu. Fumbua, baba. Leo usiniaibishe."

Mtoto akafumba. Akabembelezwa, akafumba. Akaimbiwa, akafumba. Akaminywa mashavu kidogo, kidogo tu, na hapo akapiga yowe, na uji wote ukaenda kwenye gauni la bibi.

"Haya!" Mama Pasi akasimama. "Kaa na njaa yako! Utaniita mwenyewe!"

Lakini hata alipokuwa anasema hivyo, alikuwa anapika mwingine.

Na kazi nayo haikungoja. Hoteli ilikuwa imeleta makoti meupe ya wahudumu, yale ya kola ngumu, na yalitakiwa kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo jikoni kukawa na moto mara mbili: hapa sufuria ya uji, pale sufuria ya wanga. Wanga wake aliupika kwa unga wa muhogo na maji, mzito kwanza, ukipoa ndipo auzimue kwenye beseni kwa maji baridi na tone la bluu ya kufulia. Mara nyingine, akitaka kola ing'ae, alikuna humo mshumaa kidogo. Sufuria zote mbili zilikuwa za seti moja, mpya, zawadi ya mkwewe, zinafanana kama mayai. Aliziweka dirishani zipoe, akaenda kupuliza mkaa, akarudi, akazisogeza kukwepa jua, akaenda kuchungulia mtoto, akarudi, akazisogeza tena.

Mtoto mwenyewe, bibi alikuwa amemkalisha ndani ya beseni kubwa la kufulia, likiwa tupu na kavu, amezungushiwa mashuka ili asianguke. Alikaa humo wima kama hakimu.

Mama Pasi akachota bakuli kutoka sufuria iliyokuwa karibu. Uji ulikuwa umeshika. Uji ukipoa hushika, hilo halikumshangaza. Akapima joto kwa mgongo wa kidole, akaliweka bakuli mbele ya mtoto, na ndiyo kwanza anainama kumtoa ili amlaze mapajani, mlango ukagongwa.

Alikuwa mhudumu wa hoteli, kijana mrefu mwenye haraka.

"Bibi, shikamoo. Koti langu."

"Marahaba. Koti lako halijatiwa wanga."

"Bibi, uliniambia asubuhi."

"Na sasa ni nini? Usiku?"

"Meneja ataninyonga."

"Akikunyonga hutahitaji koti. Ngoja hapo."

Wakabishana. Mhudumu alisema dobi wa mtaa wa pili hachelewi. Mama Pasi akasema dobi wa mtaa wa pili anatia wanga kama anayepaka chokaa choo. Mhudumu akacheka, akasema hata hivyo hachelewi. Maneno yakanoga. Mpaka Mama Pasi alipokumbuka kwamba nyuma yake kuna ukimya, na ukimya wa mtoto si kitu cha kuaminiwa, akageuka.

Bwana Mkubwa alikuwa ametia mkono kwenye bakuli hadi kifundo. Akautoa, akautazama, akautia mdomoni wote, vidole na kila kitu. Akafyonza. Akautia tena. Uji ulikuwa kwenye nyusi, kwenye sikio, kwenye shuka la mteja, na mwingi, jamani, mwingi ulikuwa unashuka kooni. Koo lake dogo lilipanda na kushuka.

Mama Pasi akashika mlango.

"Unaona?" akamwambia mhudumu kwa sauti ya chini.

"Naona anachafua shuka."

"Anakula, mjinga wewe! Anakula! Wewe ndiye shahidi yangu. Utaulizwa, useme uliona kwa macho yako!"

Na bakuli likaenda, karibu lote. Mama Pasi alizunguka chumba hajui aanzie wapi. Alimwita mume wangu, simba wangu. Alitaka kumpigia simu mkwewe, akaghairi, akataka amwone uso atakapoambiwa. Akamtaka Bi Mashuka awe pale, papo hapo, na furushi lake. Kisha kwa furaha yote hiyo akamwonea huruma mhudumu, akavuta sufuria ya pili, akachovya kola ya koti bila hata kuzimua.

Vidole vya dobi havidanganyiki. Wanga huteleza. Hiki kilinata, tena kilikuwa na chenga. Akavileta vidole puani. Maziwa. Akalamba. Sukari.

Alisimama hivyo, kola ya hoteli inadondosha uji, akageuza kichwa polepole kumtazama mtoto ndani ya beseni, ambaye alikuwa analamba bakuli la wanga.

"Bibi?" mhudumu akasema. "Bibi, vipi?"

"Mshumaa," Mama Pasi akasema.

"Mshumaa gani?"

"Nimekuna au sijakuna?"

Hakukumbuka. Alivyokuwa anakwenda na kurudi asubuhi ile, angeweza kukuna mshumaa, angeweza kukuna hata kisigino chake. Bluu haikuwamo, wanga ulikuwa mweupe pe. Lakini mshumaa hauna rangi. Na ule unga! Ulikuwa unga wa kola, si unga wa mtu. Akambeba mtoto mgongoni, akamfunga kwa shuka lililokuwa karibu, akafunika sufuria ya wanga akaitia kwapani.

"Angalia pasi zangu!" akamwambia mhudumu.

"Mimi? Bibi, mimi nina zamu!"

"Nyumba ikiungua, na koti lako limo."

Akatoka. Barabarani watu walimpisha, maana Mama Pasi hakuwa mtu wa kukimbia hadharani. Fundi viatu alimwita, hakuitika. Kila hatua alimsikiliza mtoto mgongoni. Akinyamaza, anasema amezimia. Akiguna, anasema tumbo linamkata. Mtoto mwenyewe alikuwa anavuta nywele zake chini ya kitambaa, kama siku zote.

Kliniki kulikuwa na foleni. Aliipita yote, akaambiwa maneno, akayapokea, akaweka sufuria juu ya meza ya nesi.

"Amekula hiki."

Nesi akafunua. "Ni nini?"

"Wanga. Wa makoti."

Nesi hakucheka. Alimshika mtoto kwanza, akamtazama macho, akambonyeza tumbo, akamfungua mdomo. Kisha akachukua wanga kidogo, akausugua vidoleni, akaunusa, akaugusisha kwenye ncha ya ulimi.

"Muhogo. Umeiva vizuri. Umetia nini kingine?"

"Ndiyo sijui. Labda mshumaa."

"Ungekuwamo, umeshapoa sasa, ungeganda juu. Hamna utando. Hana kitu, bibi. Ila mwangalieni mpaka kesho. Akitapika au akiharisha, mrudisheni. Na usimzoeshe, huu unajaza tumbo tu, haujengi mwili."

"Mimi nimzoeshe wanga wa kola?"

Nesi akamfuta mtoto sikio. Ndipo akauliza, "Kwani alikula vipi? Si mama yake aliniambia anafumba mdomo?"

Mama Pasi akatupa jicho nyuma. Foleni nzima ilikuwa inasikiliza.

"Nilikuwa naongea na mteja."

"Ukiwa umempa mgongo?"

"Nilikuwa naongea na mteja, nimesema."

"Basi mwenzio kalishwa na mgongo wako," nesi akasema, akamrudishia mtoto. "Mkono wako ndio anaouogopa."

Njia yote ya kurudi Mama Pasi alitafuta jibu la kumrudishia nesi yule. Alikuwa na majibu mengi, na kila alilolishika lilimtoka. Ni kweli mtoto hakukataa chakula. Wanga ule haukuwa na chumvi, sukari wala ladha, na aliula kama asali. Alichokataa ni kiganja. Jambo hilo lilimwingia polepole, likawa chungu.

Alasiri mkwe akarudi. Hakuja peke yake. Bi Mashuka alikuwa nyuma yake, bila furushi, mikono mitupu tayari kwa kubeba.

"Amekula?" mkwe akauliza kabla hajavua viatu.

"Amekula," Mama Pasi akasema.

Uso wa mkwe ukafunguka. "Kweli, mama? Amekula nini?"

Uji. Neno lilikuwa pale ulimini, fupi, tayari. Mhudumu alikwisha kuondoka na koti lake bichi. Nesi yuko kliniki. Nani angejua? Lakini ikiwa tumbo litamchafuka mtoto, mama yake lazima ajue kilichomo, na nesi alisema mwangalieni, hakusema mwangalie.

"Wanga," akasema Mama Pasi. "Wa makoti ya hoteli. Nilichanganya sufuria. Nimempeleka kliniki, wamesema hana kitu. Lakini tumwangalie mpaka kesho."

Bi Mashuka akapiga makofi. "Yarabi! Si nilisema? Si nilisema? Mume wetu katiwa wanga! Kesho atampiga pasi!"

Mkwe hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alimnyanyua mtoto, akamtazama mdomoni, akamnusa kichwa, kisha akamweka chini na kuvuta kapu la nguo zake. Akaanza kukunja: fulana moja, nyingine, kofia.

Mama Pasi alimtazama. Miguu ilimtaka aende mlangoni, aende jikoni, aende popote.

"Mtamchukua," akasema. "Sawa. Lakini mtoto hajala tangu mchana, hatoki hapa na njaa."

Akapika uji. Mzito, wa maziwa, bila sukari. Akaupoza kwa kuupepea, akamkalisha mtoto kwenye beseni, akaweka bakuli mbele yake. Kisha akafanya kitu ambacho mkwewe hakuwahi kukiona tangu aolewe nyumba ile: akaketi sakafuni, mbali kidogo, akaviweka viganja vyake vyote viwili chini ya mapaja na kuvikalia.

Mtoto akalitazama bakuli. Akamtazama bibi. Akatafuta kile kiganja, hakukiona.

"Mlishe basi," Bi Mashuka akasema.

"Mwache."

"Uji unapoa!"

"Upoe."

Mikono ya Mama Pasi iliwasha. Mtoto alipiga bakuli kofi, uji ukaruka, na bibi akauma mdomo wake mwenyewe asisogee. Kofi la pili. Kisha vidole viwili vikaingia, vikatoka, vikafyonzwa. Kisha mkono.

Mkwe akaacha kukunja.

Bi Mashuka hakuweza kuvumilia. Alinyakua kijiko, akachota, "Ngoja nimsaidie, mume wangu, aaa," akakisukuma. Bwana Mkubwa akafumba mdomo ndi, midomo ikaingia ndani.

Mama Pasi angeweza kusema mengi. Alikuwa nayo mengi, tena matamu. "Kiweke chini, mke mwenzangu," akasema tu. "Hata mimi kilinishinda."

Bi Mashuka akakiweka. Mtoto akangoja, akaona kijiko hakina mpango, akarudi kwenye bakuli. Alikula kwa fujo na kwa kelele, na wanawake watatu walimtazama.

Bakuli lilipobaki na kingo tu, mkwe akazichukua zile fulana mapajani mwake, akazirudisha kapuni, moja moja, bila haraka, na kapu akalisukuma mahali pake.

"Mama, Jumatatu natoka alfajiri."

"Najua."

"Wanga utapika akiwa amelala. Siyo dirisha moja, siyo sufuria za seti."

Mama Pasi akafungua kinywa kubisha. Kazi yake hiyo aliifanya kabla mkwe huyu hajajua kufunga kanga. Akamtazama mtoto, uji hadi utosini.

"Haya," akasema.

"Na mimi nitakuja kila Jumatano," akaingilia Bi Mashuka, "nione mume wangu anavyokula."

"Uje," Mama Pasi akasema, akianza kuinuka, goti likilia. "Lakini mikono uiache kwako."